Ngazi Tisini na Sita

Kwa miaka ishirini na minane Masafa alilala popote giza lilipomkuta. Jina hilo walimpa madereva wenzake wa malori, kwa kuwa hakuwahi kukataa safari. Ukimwambia mzigo ni wa siku tatu, twende. Wa siku kumi na tatu, twende. Kichwa cha lori kilikuwa sebule yake, usukani ulikuwa meza yake ya kulia, na kitanda chake kilikuwa kigodoro cha nyuma ya kiti, chembamba kama ahadi ya bosi. Kila jioni alitoa daftari la safari akajaza safu zake: kilomita, matairi, hitilafu, na ile ya mwisho kabisa, "Amelala wapi." Hapo aliandika majina ya miji, ya mizani ya malori, ya vituo vya mafuta. Siku moja ya mvua kubwa aliandika "Sijui."

Siku alipokabidhiwa ufunguo wa fleti, juu kabisa ya jengo, aliketi sakafuni maana viti havijafika, akatoa daftari. Mkono ulishazoea. Kilomita: hakuna. Matairi: hakuna. Hitilafu: bomba la jikoni linadondosha. Amelala wapi: kwangu.

Akalitazama neno hilo. Kisha akafunga daftari haraka, mtu mzima na ndevu zake, asije mkewe akamkuta analizwa na herufi sita.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Mkewe, ambaye ndiye aliyemsukuma wanunue, ndiye aliyechagua rangi ya manjano ya mlango na ya ukuta wa jikoni, akaishi humo miaka minane ya raha kabla ya kutangulia. Masafa akabaki na manjano yake. Kila mwaka mwezi uleule alinunua kopo, akapaka upya.

Watu walidhani mtu wa barabara atachoka na kuta baada ya mwezi. Hawakujua dereva ni mtu wa namna gani. Dereva wa kweli haondoki asubuhi bila kuzunguka gari lake, kugonga matairi, kuchungulia oili. Masafa alizunguka jengo. Saa kumi na mbili na nusu alipanda kwenye paa akagonga tangi la maji kwa kifundo cha kidole. Kwa mlio tu alijua limejaa hadi wapi. Alishuka akipapasa kuta zenye mabomba, akanusa kila ngazi, akaangalia taa ipi imekufa. Alijua koki inayofunga maji ya kila fleti hata gizani. Mara tatu katika miaka hiyo aliokoa jengo lisigeuke bwawa. Jirani akipika alijua, akigombana na mumewe alijua pia, ila hilo hakuligusa. Alisema gari la mtu likipiga kelele ndani, wewe uliye nje usifungue boneti.

Na kila jioni, daftari. Safu ya kilomita aliigeuza: akaandika ngazi. Kutoka mlango wa chini hadi mlango wake wa manjano zilikuwa ngazi tisini na sita. Kushuka na kupanda, mara mbili kwa siku, mara tatu akisahau chumvi. Alijumlisha kila mwisho wa mwaka akajisifu, "Mwaka huu tumefika mbali, na tairi hatujabadili."

Matairi ndiyo yaliyomsaliti. Magoti. Miaka ishirini na minane ya kukanyaga klachi haipotei hivihivi. Ilikaa mahali, ikasubiri afike miaka sabini na mbili, ikadai.

Ijumaa moja mwanzoni mwa mwaka binti yake alimkuta katikati ya jengo, ameketi kwenye ngazi, kikapu cha mboga pembeni.

"Baba! Umeanguka?"

"Nimeegesha."

"Umeegesha tangu saa ngapi?"

"Mwanangu, mambo ya trafiki hayo, yaache."

Binti yake alikuwa mfamasia, mtu wa kupima dawa kwa gramu, na hata maneno aliyapima. Alikibeba kikapu, akamshika baba yake mkono, wakapanda ngazi arobaini na nne zilizobaki wakipumzika mara tano. Walipofika hakukaa.

"Baba, nimeshavumilia. Pale nyumbani kuna chumba cha uani, kipana, hakina hata ngazi moja. Mnunuzi wa fleti hii yupo, tena anaitaka hivi ilivyo, na manjano yake."

"Na mimi nitakuwa nani hapo kwako?"

"Utakuwa baba yangu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilishalisahau linashikwaje."

"Baba, siku moja utaanguka humu, na nani atajua?"

Hilo halikuwa na utani. Masafa alimjua binti yake: akisema jambo mara ya tatu, limeshafungwa na kubandikwa lebo.

"Nipe mwaka mmoja," akasema. "Mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Jengo likikubali kuweka lifti, nabaki. Lisipokubali, nitakuja chumba cha uani na godoro langu, na hutasikia neno."

"Kweli?"

"Dereva hasemi uongo kuhusu saa ya kufika."

Binti akaondoka ameridhika, kwa sababu alilijua lile jengo.

Shimo la lifti lilikuwapo. Lilitoka chini hadi juu, limejengwa vizuri, na kila ghorofa ilikuwa na tundu la mlango lililofunikwa kwa bati. Lifti yenyewe tu ndiyo haikufika. Mjenzi alipowauzia alisema iko njiani. Miaka kumi na tisa ikawa bado iko njiani, na Masafa, aliyezijua njia zote, alisema hiyo moja haipo kwenye ramani. Fedha hazikuwa tatizo. Wenye fleti wale walikuwa watu wa kulipa michango yao, na mfuko wa jengo ulikuwa umenona. Tatizo lilikuwa kanuni ya nne ya Umoja wa Wenye Fleti: lolote linalogusa mwili wa jengo lazima likubaliwe na wenye fleti wote kumi na wawili, kwa mdomo, mkutanoni. Na mmoja alikuwa amekataa kila mara lilipotajwa.

Huyo aliishi chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mrefu, mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi mkunjo unaweza kukata mkate. Kanuni zote za jengo aliziandika yeye kwa mkono wake. Jengo zima lilimwita Mwalimu Mkuu, hata posta. Mlango wake ulikuwa wazi mchana kutwa, naye ameketi nyuma yake na gazeti, na hakuna aliyepanda wala kushuka bila kumsalimu na kuulizwa anatoka wapi. Chini ya lile shimo la lifti alikuwa ameweka masanduku yake kumi na matano: karatasi za mitihani za wanafunzi wake wa miaka thelathini, zimefungwa kwa kamba, mwaka kwa mwaka.

Masafa alimpigia hodi siku iliyofuata.

"Karibu, Dereva. Kuhusu lifti, hapana."

"Hata sijakaa, Mwalimu!"

"Kaa. Hapana."

"Basi niambie sababu."

"Mimi ninaishi chini. Nipande lifti niende wapi? Kuzimu?"

"Sisi wengine je?"

"Ninyi wengine mlinunua juu mkijua. Mtaka cha juu apande."

"Na masanduku hayo, Mwalimu? Watoto wa mitihani hiyo sasa wana wajukuu."

"Ndiyo maana. Mtu akikua akaanza kujidai, nina ushahidi."

Masafa akapanda ngazi zake tisini na sita akiwa amepandwa na hasira, na hasira ilimsaidia mpaka ngazi ya thelathini tu. Zilizobaki akapanda kwa magoti yake mwenyewe. Jioni hiyo alifungua kile kitabu cha kanuni ambacho kila mwenye fleti alipewa na hakuna aliyewahi kukisoma. Yeye shule aliisoma kwa vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji mwingine, na alisoma akifuata kwa kidole. Kidole kikasimama kwenye kanuni ya tisa. Mikutano yote itafanyika nyumbani kwa mwenyekiti. Jambo ambalo halijaamuliwa litaitishiwa mkutano kila mwezi. Mwenye fleti asiyehudhuria mara tatu mfululizo, kura yake katika jambo hilo imekufa.

Akacheka peke yake, sauti ikasikika fleti ya chini yake, kwa mshonaji waliyemwita Fundi. Fundi alikuwa mama wa makamo, ndiye katibu na mhazini wa umoja. Akapanda kuuliza kama kuna usalama.

"Fundi, uenyekiti wa umoja uko kwa nani?"

"Kwa aliyeshindwa kukwepa. Kwani nani anautaka?"

"Mimi."

Fundi akamwekea mkono kwenye paji la uso. "Homa huna," akasema.

Wakamchagua kwa dakika mbili, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akainua mkono, kwa kuwa hakuona mtego. Aliuona wiki ya pili, Masafa alipotangaza kuwa mkutano wa kwanza wa lifti ni Jumamosi saa tisa alasiri, nyumbani kwa mwenyekiti.

Jumamosi ikafika. Watu kumi na mmoja wameshakaa sebuleni kwa Masafa, saa inakaribia tisa, na yeye kwenye moyo anajumlisha: huyu asipokuja leo, moja, mwezi ujao, mbili, mwezi wa tatu, kwisha habari. Mara wakasikia kitu. Tok. Kimya. Tok. Kimya. Mwavuli ukigonga ngazi. Wote wakanyamaza kama darasa lililomsikia mwalimu kwenye korido. Mwalimu Mkuu akaingia saa tisa kasoro dakika moja, uso umebadilika rangi, tai imekaa sawasawa.

"Hapana," akasema, ndipo akakaa.

Alipopata pumzi akaendelea. "Mheshimiwa mwenyekiti amesoma kanuni ya tisa. Nampongeza. Ningependa kujua kama alisoma ya kumi."

Masafa akafunua. Kidole kikafuata mistari. Mwenyekiti atawaalika wenye fleti kwa kila mkutano yeye mwenyewe, mlango kwa mlango, bila kutuma mtu, na si zaidi ya siku tatu kabla.

"Mimi ulinialika kwa kupiga kelele ukiwa paani," Mwalimu Mkuu akasema. "Safari hii nasamehe."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Watu wakacheka mpaka Fundi akashindwa kuandika.

Ndivyo vita vya wazee wawili vilivyoanza. Kila mwezi Masafa alishuka mlango kwa mlango, magoti yakilia kama bawaba kavu, mpaka chini kabisa, akasema, "Mwalimu, unaalikwa," naye akajibu, "Nitafika." Kila mwezi Mwalimu Mkuu alipanda, tok, kimya, tok, akasema hapana. Wenye fleti wengine walianza kuweka dau la soda: nani atatangulia kuishiwa pumzi. Fundi alimwambia Masafa, "Mzee, wewe unataka lifti kwa ajili ya magoti, na sasa unayamaliza magoti kwa ajili ya lifti."

"Kutangulia si kufika," akajibu, maana sentensi hiyo ilikuwa imeandikwa nyuma ya lori lake.

Mwezi wa nne, mkutano ulipokwisha na watu kutawanyika, Mwalimu Mkuu alibaki kwenye kiti. Kushuka alikuwa hajakuweza bado, ila hakusema. Akatazama huku na huku ili apate cha kukosoa. Akaona ubao wa drafti wenye vizibo vya soda.

"Unacheza?"

"Nilimfunga kila askari wa mizani niliyewahi kukutana naye."

"Askari wa mizani wanajua hesabu?"

"Wanajua za kwao."

Wakacheza. Masafa akafungwa mara tatu. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa huko juu ukiingia, na mtaa wote ulionekana: mapaa, nguo kwenye kamba, uwanja wa shule na watoto wadogo kama punje za mchele. Mwalimu Mkuu alikuwa ameishi chini ya haya yote miaka kumi na tisa. Alisimama dirishani muda, mikono mgongoni.

"Kumbe shule inaonekana," akasema.

"Na kengele inasikika, asubuhi upepo ukiwa mzuri."

Kuanzia hapo alipanda kila Jumatano pia, siku isiyo na mkutano. Hakueleza, na Masafa hakuuliza. Walicheza, wakatukanana kwa heshima, na mgeni akishuka alisema mlangoni, "Lifti, hapana." Masafa alijibu, "Safari njema."

Mwezi wa kumi Jumatano moja ikapita kimya. Masafa alifikiri ni mvua. Aliposhuka kualika kwa ajili ya mkutano, mlango ambao miaka yote ulikuwa wazi aliukuta umefungwa. Akabisha.

"Mwalimu, unaalikwa."

"Nimesikia," sauti ikajibu ndani. Mlango haukufunguliwa.

Mkutanoni hakuja. Fundi akaandika: moja. Mwezi wa kumi na moja ikawa vilevile: "Nimesikia," mlango umefungwa, kiti kitupu. Mbili.

"Amechoka," wakasema majirani mwezi wa mwisho ulipoingia. "Mzee Masafa, umeshinda! Mwezi huu asipotokea kura imekufa, na sisi kumi na mmoja ni ndiyo."

Hata binti yake alisikia, akaja kuhakikisha. "Kwa hiyo ni Jumamosi hii?"

"Jumamosi hii."

"Na asipopanda, unabaki humu."

"Nabaki."

"Mbona huna uso wa mtu anayeshinda?"

"Nimefungwa mara themanini na tano kwa drafti. Nilitaka kumlipa."

Alhamisi Masafa alishuka kualika. Alipofika chini alibisha, akasema maneno yake, akasikia, "Nimesikia." Lakini dereva husikia gari kabla ya kuliona, na sauti ile haikutoka kwenye kiti cha nyuma ya mlango. Ilitoka mbali, na chini. Akasukuma kitasa, kikakubali.

Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye kochi. Suruali haikuwa na mkunjo. Mguu wa kulia ulikuwa umeinuliwa juu ya marundo mawili ya karatasi za mitihani, kidole gumba kimevimba, chekundu, kinang'aa kama taa ya breki.

"Jongo," akasema, akitazama ukuta. "Miezi miwili. Hata shuka likikigusa naona nyota."

"Na unakula nini?"

"Mpwa wangu huniletea asubuhi. Usiniangalie hivyo."

"Mwalimu, ungesema! Ningekuja kukuchukulia kura hapahapa."

"Kanuni inasema mkutanoni, kwa mdomo. Niliiandika mimi. Nikianza kuivunja nikiumwa, nitamwambia nini aliye mzima?"

Masafa akakaa kwenye kile kiti cha nyuma ya mlango. Kutoka hapo aliona anachokiona mwenzake siku zote: kipande cha korido, ngazi tatu za mwanzo, na miguu ya watu. Mpangaji mmoja akapita, akaona mlango wazi, akaingiza kichwa: "Shikamoo Mwalimu! Tulidhani umesafiri!" Sura ya mgonjwa ikachangamka kama chumba kilichowashiwa taa, kisha ikazimika mpangaji alipopanda.

Hapo ndipo Masafa alipoelewa, miezi kumi na moja akiwa amechelewa.

"Mwalimu. Siyo masanduku."

"Masanduku gani?"

"Hukatai lifti kwa sababu ya masanduku. Unaogopa watu wakiingia kwenye kile chumba cha chuma, hakuna atakayepita hapa."

Mwalimu Mkuu alikunja gazeti mara mbili, akalikunjua.

"Nikuambie kitu cha barabarani," Masafa akasema. "Miaka ishirini na minane nimeangalia watu. Barabarani hawaongei, wanapita. Unajua wanaongea wapi? Kituoni. Wakisubiri. Mtu akisubiri dakika mbili atakueleza mpaka ndoto zake. Na mlango wa lifti utakuwa wapi? Hapo, hatua nne kutoka kwenye kiti hiki. Watu wote wa jengo watasimama hapo wakisubiri. Wewe hutakuwa na mlango tena, Mwalimu. Utakuwa na kituo."

Mwalimu Mkuu akasema polepole, "Unanishawishi ili nije kupiga kura, na unajua siwezi kuja. Jumamosi kura yangu inakufa, wewe umeshinda. Kwa nini unapoteza mate?"

Masafa alipanda kwake akiwa na swali hilo. Alipanda nalo ngazi tisini na sita, akapumzika mara tisa. Yule bwana alikuwa na haki: angekaa kimya siku mbili tu, na mlango wa manjano ungekuwa wake mpaka mwisho. Asipokaa kimya, hapana ya mtu mmoja ingeweza kumpeleka chumba cha uani. Lakini kumpita mtu aliyepasukiwa tairi, ukampigia na honi, hilo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa kijana mwenye haraka.

Akafungua kitabu. Kidole kikatembea mpaka kanuni ya kumi na nne.

Jumamosi saa tisa kasoro robo wenye fleti walipokusanyika sebuleni kwake, walimkuta amesimama mlangoni, ameshika kiti chake cha mbao kwa mgongo. Binti yake alikuwa pembeni, amekunja mikono.

"Fundi, andika. Kanuni ya kumi na nne: mwenyekiti anaweza kumwachia mwenzake kiti wakati wowote, mbele ya mashahidi wawili. Ninyi ni mashahidi zaidi ya wawili. Namwachia Mwalimu Mkuu."

"Baba!"

"Mzee, una wazimu?" Fundi akasema. "Dakika kumi na tano tu!"

"Mikutano hufanyika nyumbani kwa mwenyekiti. Haya, tushuke. Saa haitusubiri."

"Baba, akikataa, unahamia kwangu. Uliniahidi."

"Nilikuahidi na nitahama. Ila sitahama kwa aibu, wala sitakaa kwa aibu. Shika mguu huo wa kiti."

Wakashuka wote, kiti kimetangulia kama jeneza la furaha. Mwalimu Mkuu alipoona umati unaingia kwake aliangaza macho akitafuta tai. Wakamwekea kiti kando ya kochi, kwa kuwa kukikalia hakuweza, Fundi akamsomea kanuni ya kumi na nne, naye akaitikia kwa kichwa kila nukta, maana ilikuwa maneno yake mwenyewe yakimrudia. Akaulizwa kama anapokea. Akasema anapokea. Sauti ilikwaruza.

"Jambo lililo mezani," akasema kama mwenyekiti, "ni lifti. Wanaokubali?"

Mikono kumi na moja ikapanda. Kila mmoja akasema ndiyo kwa mdomo wake, kama kanuni ya nne inavyotaka.

Mwalimu Mkuu akautazama mguu wake. Akamtazama Masafa. Akainua mkono wa kumi na mbili, taratibu, kama mwanafunzi asiye na uhakika wa jibu.

"Katibu, andika. Mwenyekiti anataka lifti. Sababu: anataka kwenda juu. Kuna mtu huko anadai marudiano."

Kelele zilizotoka hapo zilifika mpaka kwenye tangi. Fundi alimkumbatia mwenyekiti, akamgusa kidole, mwenyekiti akapiga yowe lililomaliza kelele nyingine zote. Binti yake Masafa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho mfamasia hakipimi kwa gramu.

"Sasa nimwambie nini mnunuzi?" akauliza.

"Mwambie gari haliuzwi. Lipo matengenezoni."

Mafundi wa lifti walichukua miezi minne. Masanduku yalihamishwa. Jongo lilipoacha, Mwalimu Mkuu alifungua moja baada ya jingine, akawatafuta wenye karatasi waliokuwa karibu. Ya kwanza alimkabidhi Fundi mbele ya watu, koridoni. Kumbe Fundi alikuwa mwanafunzi wake.

"Hesabu, thelathini na moja kwa mia," akasoma. "Na ndiye mhazini wetu!"

"Mwalimu, kitabu cha jengo hakijawahi kukosea hata senti!"

"Najua. Ndiyo maana nimekuita." Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akakata thelathini na moja, akaandika tisini na nane, akatia sahihi na tarehe. "Mbili nimekata kwa sababu ya mwandiko."

Siku lifti ilipowashwa, Masafa alishuka kwa miguu. Alizihesabu zote, akigusa ukuta, mpaka ya tisini na sita. Alikuwa amevaa koti lake la safari na kofia ya zamani. Korido imejaa, mlango wa Mwalimu Mkuu wazi, na mwenyewe kwenye kiti chake, mkunjo wa suruali umerudi mahali pake, akiwauliza wanaosubiri wanatoka wapi. Ilikuwa kweli kituo.

Milango ikafunguka. Masafa hakuingia. Aliizunguka kwa macho, akagonga kizingiti kwa ncha ya kiatu kama tairi, akasikiliza. Kisha akaweka kigoda ndani, akakikalia karibu na vitufe.

"Abiria!"

Mwalimu Mkuu akaingia na mwavuli wake na ubao wa drafti kwapani. Binti akaingia, akanyoosha kidole kwenye vitufe.

"Usiguse," baba yake akasema. "Dereva ni mmoja."

"Dereva, leseni unayo?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Ya magari yote."

"Hili haliendi mbele wala nyuma."

"Hata mimi kwa umri wangu, Mwalimu, kilichobaki ni kwenda juu."

"Baba, hayo maneno gani!"

Wote watatu wakaangua kicheko, na Masafa akabonyeza. Lifti ikashtuka kidogo kama gari linaloshika gia ya kwanza, ikapanda. Ghorofa zikapita kwenye kidirisha moja baada ya nyingine, na katika kila moja majirani walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Masafa aliwapungia mkono kwa vidole viwili, kama madereva wanavyopungiana wakipishana. Juu kabisa milango ikafunguka yenyewe, na mbele yao, hatua tatu tu, ukawaka mlango wa manjano.

Alasiri hiyo alifungwa mara nne na kufunga mara moja. Mara hiyo moja aliishangilia mpaka Fundi akagonga dari kwa fagio.

Jioni akatoa daftari. Ngazi: tisini na sita, kushuka tu. Matairi: yamezeeka, yanatosha. Hitilafu: hakuna. Akafika safu ya mwisho, akaijaza bila kuharakisha, kwa herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake.

KWANGU.